Kioo Alichokirudisha Baba

Ilula, Iringa
11 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Danieli,

Kamwene. Hujambo huko Ankara? Kile kifua kimepoa? Sisi tu wazima, ila nyumba imepooza. Mama anakula kwa kubembelezwa, na baridi ya mwaka huu ndiyo imemkalia mifupani.

Asante kwa kupiga simu siku ya mazishi. Mchungaji alisubiri mpaka sauti yako ikasikika kwenye spika ukimuaga Saulo wetu. Nililia hadi nikaishiwa sauti.

Siku ile uliniuliza kama ile monita ya Saulo ya kuchezea gemu ilifika, nikageuza maneno. Baba alikuwa ameketi pembeni yangu. Ndiyo maana nakuandikia, barua nampa Asukile anayerudi huko chuoni.

Mdogo wangu, ilifika. Si unakumbuka mlivyohangaika kuichagua? Yeye kitandani na moyo wake uliovimba, wewe huko, mnabishana kama hezi mia na arobaini na nne za kasi ya picha zinatosha! Alisema kwenye kioo chake cha zamani mpira unaburuza mkia. Alitaka kilichopinda, kimzunguke. "Dada, nikicheza na Danieli kwenye hicho nitakuwa uwanjani kabisa." Wakati huo hata kufika mlangoni hawezi.

Basi lilipoleta boksi alikwenda Baba. Unamjua baba yako mkubwa na biashara yake ya nyanya, hapokei tenga bila kulifungua barabarani. Akafungua boksi palepale stendi, akaona kioo kimepinda. Weee! Alimfokea konda mpaka watu wakajaa, kwamba wamemuuzia mtoto mgonjwa kitu kilichokunjika. Akakirudisha Dar es Salaam kwa basi lililofuata. Akaja nyumbani kifua mbele, akamsimulia Saulo alivyowakomesha matapeli.

Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nikafungua mdomo niseme, Saulo akanikata jicho. Akamshika Baba mkono, "Umefanya vizuri, Baba. Wangetuibia."

Baba alipotoka, Saulo aligeukia ukutani akalia. Niliwapigia wenye duka, wakakubali kukituma tena. Hakukiwahi.

Mpaka leo Baba hajui kwamba vioo vile hutengenezwa hivyo. Kila anayekuja kutoa pole anamsimulia, na hapo tu ndipo anaponyanyua kichwa, kwamba walau hakukubali mwanawe adhulumiwe. Vijana wa hapa wanaojua nimewaonya wafunge midomo.

Ila anajua wewe ndiye uliyechagua. Ukija Desemba kuweka msalaba, atakuuliza kwa nini ulimchagulia mwenzio kitu kibovu, na ulimi wake unaujua. Nakuomba sana, usijitetee. Sema ulikosea. Inaniuma kukuomba hivi, maana ulichagua vizuri na kwa upendo, lakini akijua ukweli tutamzika na yeye.

Mama anakusalimu, na shangazi Bertha, na mwanangu Lea ambaye bado anamwita Saulo kila asubuhi. Mungu akutunze ugenini, akurudishe salama.

Baba mwenyewe amepita hapa sasa hivi akauliza namwandikia nani. Nilipokutaja alifuta macho kwa kofia yake. Kisha akasema nikuandikie kwamba amekusamehe.

Dada yako anayekupenda kwa moyo wote,
Blandina