Mume Aliyeombewa

Ifakara, 9 Aprili 2024

Mama Febronia,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Sauti uliyoisikia redioni ni yangu. Mimi ni mwandishi wa habari, na Bryson, mume wangu uliyemlilia, ni mzima. Dionisi hampi mgeni kazi dukani kwake, ila nilijua hatamkataa mjane aliyeletwa na wewe, mwenyekiti wa jumuiya yake ya kanisa, ndiyo maana nikajifanya mjane. Bila hivyo nisingemwona akiongeza maji kwenye dawa ya magugu. Nisamehe.

Mwanao,
Odilia

Idete, 2 Mei

Odilia,

Marahaba. Mguu bado unasumbua.

Ulichotangaza ni kweli. Nilipulizia ekari mbili za mpunga, magugu yakazidi kustawi. Kwa hilo nashukuru. Lakini Novemba tulipowaombea marehemu, jina la Bryson lilisomwa baada ya la mwanangu Anselim. Ursula wa jumuiya yetu alikuletea wali siku ambayo kwake hawakupika. Sasa mke wa Dionisi hanisalimii. Kwa nini hukuniambia hata mimi peke yangu?

Mama yako,
Febronia

Ifakara, 20 Juni

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Sikukuambia kwa sababu usingeweza kudanganya, ningekamatwa wiki ya kwanza. Sasa nasikia Dionisi ameshtakiwa na wewe umeitwa shahidi. Nakuomba, habari ya ujane usiiguse. Wakili wa Dionisi akiipata atasema taarifa yote ni uongo, na kesi itakufa.

Mwanao,
Odilia

Idete, 5 Julai

Odilia,

Marahaba. Hatujambo.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikaenda mahakamani nikasema yote. Wakili akaniuliza, mtu aliyekudanganya hivyo unamwaminije? Nikamwambia simwamini, naamini shamba langu. Nikatoa kwenye kikapu chupa ya dawa niliyobakiza. Hakimu ameagiza ikapimwe, kwa hiyo kesi haijafa.

Umeandika kwamba siwezi kudanganya. Ulinijua vizuri, halafu ukaniomba nijaribu. Hilo limeniuma kuliko msiba wa uongo.

Wanawake wananiuliza kila siku habari za yule mjane wangu. Jumuiya ni Jumatano saa kumi jioni, kwa Ursula. Njoo na Bryson uwaambie mwenyewe. Mimi nimechoka kukusemea.

Febronia