Soksi ya Dorino

Larìs, 28 Novemba 2010

Mwanangu Mirta,

Salamu nyingi kutoka huku juu milimani. Mimi mzima, paka mzima, magoti yanalalamika kama kawaida yao. Wewe je, hujambo? Na kile kikohozi kimekwisha, au bado unakibembeleza?

Nakuandikia kwa sababu ya jiko. Usicheke. Lile jiko la kupashia nyumba joto, linalokula punje za unga wa mbao ulioshindiliwa, limeanza kununa. Zamani moto wake ulikuwa mfupi, mweupe, unarukaruka. Sasa ni mrefu, wa rangi ya chungwa, unayumba kama mtu aliyetoka harusini. Kioo cha mlango wake nakifuta asubuhi, ikifika saa ya chakula cha mchana tayari ni cheusi. Jana lilizima lenyewe likaandika alama kwenye kidirisha chake. Nadhani lilipiga na kelele, maana paka aliruka. Mimi, unavyojua, hata kengele ya kanisa naiona tu ikitikisika, ndiyo maana simu nimeifunika kitambaa na wewe nakusumbua kwa kalamu.

Gildo jirani alipita kuleta kabichi. Akachungulia punje zangu, kwake ni kama chakula cha sungura, akasema, "Onorina, bado unafuga sungura?" Kila mwaka ni hiyo hiyo. Nikamwambia sungura wangu hawajanivunja mgongo kama magogo yake. Lakini alipoondoka nilibaki na mawazo. Marehemu baba yako alilijua jiko hili kwa harufu tu, na tangu atutoke Mei hakuna wa kuzungumza nalo.

Niambie nifanye nini. Na usiniambie nihamie kwako.

Mama yako


Luxembourg, 5 Desemba 2010

Mama mpenzi,

Barua yako imenikuta mzima, nashukuru. Kikohozi kimekwisha. Watoto wa shule wanakula, mimi napika, siku zinakwenda. Wewe nakuombea afya na magoti yenye adabu.

Moto mrefu wa chungwa na kioo cheusi maana yake ni moja: jiko linakula lakini halipumui. Tutafute mahali lilipozibwa. Likiwa limepoa kabisa, toa kile kikombe cha chuma ambamo punje huungua, ukung'ute, kisha uzibue matundu yake kwa msumari, kila asubuhi. Majivu ya chini yavute kwa mashine yake, si ile ya kufagilia nyumba. Unakumbuka Baba alivyoiunguza. Vunja punje moja kwa vidole: ikikatika kwa mlio ni kavu, ikivurugika imekula unyevu. Bana karatasi kwenye mlango wa jiko uivute. Ikitoka kwa urahisi, ile kamba ya kuzunguka mlango imechoka. Na dohani je, ilifagiliwa mwaka huu?

La mwisho, na ndilo kubwa. Lile tundu la ukutani nyuma ya jiko, karibu na sakafu, liko wazi? Tangu nikuwekee madirisha mapya, nyumba imekuwa chupa yenye kizibo. Tundu hilo ndilo pua yake.

Usipoweza, nitakuja kukuchukua kabla ya baridi kali. Sikutishi, Mama. Nina hofu tu.

Mwanao Mirta


Larìs, 19 Desemba 2010

Mwanangu,

Amani ya nyumba hii ikufikie. Tuko salama, theluji imefika kwenye kizingiti. Unakula vizuri, au unapikia wengine tu?

Nimefanya yote. Kikombe nimekizibua kwa msumari wa viatu vya baba yako. Punje zinakatika kwa mlio, hazina kosa. Karatasi nimeivuta ikachanika, kwa hiyo kamba ni nzima kuliko mimi. Dohani bado, mfagiaji anasema hapandi huku mpaka barabara isafishwe. Moto ulichangamka siku mbili, kisha ukarudia uvivu wake. Nimeuzoea. Kioo kikiwa cheusi sebule inakuwa kama jioni ya kiangazi, na mimi nasinzia vizuri. Shingo nayo imepona kabisa tangu ule upepo wa sakafuni ukome. Bibi yako alikuwa akisema upepo wa ufa ni upepo wa kaburi, na alikufa na miaka tisini na minne.

Nikuambie kitu? Nimemwota baba yako. Si usiku, mchana, baada ya supu, nimekaa kwenye benchi karibu na jiko. Aliingia kutoka kwenye theluji, akasimama, mabega yake yananuka utomvu. Nilipoamka kichwa kilikuwa kizito lakini moyo ulikuwa mwepesi sana, Mirta. Sijawa na moyo mwepesi hivyo tangu Mei.

Kwa hiyo usije kunichukua. Nina mgeni.

Mama yako


Luxembourg, 2 Januari 2011

Mama mpenzi,

Heri ya mwaka mpya, na uwe wa afya kuliko uliopita. Mimi mzima, ila sijalala vizuri tangu nisome barua yako.

Nimefurahi kwamba Baba amekuja. Nakuonea na wivu kidogo, kwangu haji. Lakini umenijibu yote isipokuwa swali moja. Tundu liko wazi? Jibu kwa neno moja tu. Na hicho kichwa kizito, ni kila siku? Ukitoka nje kinapona? Paka analala wapi?

Nakujua, Mama. Ukikaa kimya juu ya kitu, kitu kipo.

Mwanao Mirta


Larìs, 14 Januari 2011

Mirta wangu,

Hujambo mwanangu, hujambo tena. Usijali mwandiko, mistari inateremka yenyewe leo.

Maswali yako yamekuwa mengi kama ya padri. Kichwa ndiyo, kinauma, lakini nikienda kuwatazama kuku kinaacha. Paka amekuwa mjinga, hataki tena sebule. Analala kwenye banda la kuku kwenye baridi. Mwache.

Baba yako anakuja kila siku sasa. Napika ugali wangu wa manjano na jibini, nakula kidogo, nakaa, na kabla macho hayajafumba vizuri naona mlango. Anakaa kwenye benchi upande wake, anavua buti moja taratibu. Mguu wake mtupu, Mirta, una theluji kati ya vidole. Ananiangalia, ananiambia, "Onorina, soksi yangu iko wapi?"

Mimi nacheka. Namwambia, "Ina kazi."

Kila siku anauliza hivyo hivyo, na buti la pili halivui. Jana alinishika mkono, ananivuta kuelekea mlangoni. Nilimwambia angoje, miguu imelegea. Ni raha tu, mwanangu. Ni kama kulala ndani ya maziwa ya moto.

Mama yako


Luxembourg, 19 Januari 2011

Mama,

Sina salamu leo. Najua soksi iko wapi. Ni zile za kijivu ulizomfumia, na moja umeisokota ukaichomeka kwenye tundu nyuma ya jiko.

Jiko linatema hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu, ileile iliyowaua watu waliolala na makaa ndani wakati wa vita. Hiyo ndiyo inayokulaza.

Nimekwisha kumpigia simu Gildo. Nimesikia akiangusha chombo cha simu na kukimbia, hata hakuaga. Sasa chombo kinaning'inia, nasikia saa yake ya ukutani ikigonga, na nakuandikia ili mikono iwe na la kufanya. Ukisoma hii, basi aliwahi.

Mirta


Larìs, 3 Machi 2011

Mwanangu Mirta,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii ni kweli, si ile ya kuandika tu. Ulifika salama na treni zako? Barua yako ya Januari ilinifikia nimeshatoka hospitali, nawe umeshanikaripia ana kwa ana, lakini nimeihifadhi kwenye droo pamoja na kitabu cha jiko.

Gildo anasimulia kijiji kizima. Anasema alinikuta kwenye benchi natabasamu, akafungua madirisha yako ya gharama, akanibeba hadi kwenye theluji kama gunia la punje. Nimemwambia mimi ni mzito kuliko gunia. Akasema, "Si sana." Ndiyo mazungumzo yetu, na kabichi sasa zinakuja mbili mbili. Dohani imefagiliwa, kiota kizima cha ndege kimetoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, nusura wanichimbie kaburi.

Sasa nisikilize. Tulikubaliana kwamba tundu likizibwa tena nafunga nyumba nakuja kwako. Basi nakuambia mwenyewe, kabla hujaambiwa na mtu. Jumapili, baada ya kula, niliziba.

Soksi ile Gildo aliichomoa tunduni, akaifua, akaniletea imekunjwa vizuri, masikini. Baba yako hakuwa amekuja tangu hospitali. Na mimi sasa nilijua njia anayopitia. Nilitaka aje mara moja tu, avue buti la pili, nimuage. Mei ile alipotoka kwenda msituni asirudi tena, nilikuwa na kuku. Aliniita, nikajibu bila kugeuka. Nimebaki na hilo. Nikaisokota soksi, nikaichomeka, nikakaa kwenye benchi. Ilipita saa nzima na zaidi. Moto ukaanza kurefuka, ukawa wa chungwa.

Kile kidude cha kunusa hewa mbaya, ulichokifunga ukutani ulipokuja, kililia. Mimi sikukisikia, nilikijua kwa masikio ya paka. Alisimama ghafla, akaenda mlangoni, akageuka kunitazama, mdomo wazi. Pale benchini upande wa baba yako palianza kuwa na kivuli, au nilitaka pawe nacho. Nikakufikiria wewe huko shuleni, umeshika mwiko, ukiitwa kwenye simu, na upande wa pili ni Gildo asiyejua aseme nini.

Nikapiga magoti, magoti haya haya, nikaivuta. Upepo uliingia, baridi, una harufu ya theluji na utomvu, harufu ya shati lake akirudi. Nililia sana, mwanangu. Nikafungua dirisha, na paka akarudi kukaa. Baada ya muda moto ukawa mfupi tena.

Ukisema nije, nitakuja, ahadi ni ahadi. Ila kabla hujaamua, fungua ile bahasha ndogo. Nimekutumia soksi. Soksi nyingine za kuzibia ninazo, usinicheke, lakini hakuna nyingine anayoiulizia. Kaa nayo wewe. Akija huko kwako na mguu mtupu, mvalishe, na umwambie mama anasema kwaheri, safari hii amegeuka.

Mama yako