Yaliyo Chini ya Mstari

Kabula mwanangu,

Mtu mgonjwa husema naumwa. Haandiki "naomba watoto wabaki na mimi likizo hii" halafu akapiga mstari. Ulisoma mpaka darasa la saba na bado hukujua kumwandikia mama yako jambo la kwanza likawa la kwanza. Salamu ukurasa mzima. Umemsalimu Mzee Jamal wa dukani, umewasalimu shangazi zako mmoja mmoja, umemsalimu mpaka ng'ombe mwenye kilema. Kifo chako ukakiweka chini kabisa, mahali ambapo mtu asiyejua kusoma hafiki.

Nimeanza na wewe kwa sababu ni rahisi. Zamu yangu inakuja.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikwenda kisomo cha watu wazima baada ya kukulilia. Mwalimu ni yule kijana wa nyumba ya pili, niliyempokea mimi alipozaliwa, nikamkata kitovu. Ulipokuwa hai ulinibembeleza, "Mayu, mama yangu, nenda kisomo, hata jina lako tu," nikakujibu siwezi kufundishwa na mtoto niliyemwosha matako. Basi nimefundishwa naye. Aliniambia nishike kalamu kama ninavyoshika kijiko, nikamwambia wewe sema herufi, mambo ya mkono niachie. Usinicheke mwandiko.

Sasa niko Mwanza, uani kwa Mama Zaituni, jirani yako. Limi na Masanja wako hapa. Wanao ni wazima wa mwili. Masanja amepoteza meno mawili ya mbele na anatema mate kama fundi viatu. Limi ni mrefu, ameshanipita bega, na hasemi na mimi. Mwaka mzima alikuwa anaamini kwamba ulimfukuza ili ufe bila yeye. Sasa anajua si wewe. Anajua ni nani.

Acha nikwambie kuanzia dukani.

Unakumbuka barua zinavyosomwa kule kwetu. Zinakuja kwenye sanduku la posta la Mzee Jamal, yeye anavaa miwani, anasimama nyuma ya meza yake ya kupimia chumvi, anasoma kwa sauti kama anayetangaza mnada. Watu kwenye benchi wananyamaza, kila mtu anangoja asikie jina lake kwenye salamu. Ndivyo ilivyosomwa na yako. Akafika pale pa likizo. Umeniomba watoto wasije kuchuma pamba mwaka ule, wakae nawe mjini mwezi mzima, utawatembeza. Benchi lote likacheka. Mke wa mwenyekiti akasema, "Watembezwe wapi, Mama Kabula, wamekuwa wazungu?" Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote.

Halafu Mzee Jamal akaacha kusoma. Akasogeza miwani. Akasema taratibu, "Mama Kabula, hapa amepiga mstari. Ameandika yaliyo chini ya mstari yasomewe nyumbani, na mtu wako."

Kabula, hebu fikiri. Mtu wangu gani? Baba yako alishakufa. Mumeo alikwenda Geita kuchimba dhahabu Masanja akiwa anatambaa, hajarudi mpaka leo. Watu kumi wananitazama mdomoni. Mke wa mwenyekiti akasema, "Hizo ni siri za mjini." Nikajua, yaani nilidhani nimejua, kwamba umepata mwanamume. Nikasema mimi sina siri na mtu, kunja karatasi. Mzee Jamal akaniuliza mara mbili. "Mama, una hakika? Naweza kukusomea kule nyuma, kwenye magunia." Nikamwambia yale yaliyosomwa yanatosha, andika majibu. Akaandika, nikimtajia mbele ya wote: Watoto waje. Pamba haisubiri mtu anayetembea.

Niliondoka pale nimenyoosha shingo.

Watoto wakaja. Niliwakuta stesheni Isaka, Limi macho yamevimba. Nikamuuliza nini, akasema vumbi. Tukachuma. Limi anachuma vizuri, hilo nakubali, mikono yake miepesi kama yako. Barua ilikuwa kwenye sanduku langu la bati chini ya kitanda, na Limi alilala mkekani kando ya kitanda hichohicho. Alikuwa darasa la tatu. Aliwasomea watoto wa jirani maandishi ya mfuko wa mbolea. Alisoma kila kitu alichokiona, mpaka nikamwambia anyamaze, ananichosha.

Wiki ya tatu simu ikaja dukani kwamba unaumwa sana. Tulipofika Mwanza ulikuwa umezikwa jana yake. Mama Zaituni na wanawake wa mtaa ndio waliokuosha. Sikukuona. Nilionyeshwa udongo, nikarudi na watoto kijijini.

Nilipojua kusoma nilianza na karatasi yako. Nilijifungia ndani. Nilisoma kwa kidole, silabi moja, nyingine, nyingine, nikipotea narudi mwanzo. Salamu peke yake zilinimalizia siku. Siku ya pili nikavuka mstari.

"Mayu, naumwa. Nina uvimbe tumboni tangu Pasaka. Madaktari walinipasua wakauona wakanifunga tena. Usiseme dukani."

Kisha ukaandika likizo. Ulishaipanga kama mtu anayepanga harusi. Kivuko cha kwenda Kamanga, wapande tu na kurudi, waone maji pande zote. Kisiwa chenye wanyama. Sinema ya Jumapili mchana, ile ya Kihindi, hata kama hawaelewi. Stesheni, kuangalia injini inavyozungushwa. Barafu ya rangi. Mwisho kabisa, picha kwa mpiga picha, kwa sababu hawana picha yako hata moja. "Nitatembea polepole na tutakuwa tunapumzika. Njoo na wewe Mayu, tupigwe wote wanne. Nikiwa na mwezi mzima utanitosha."

Nilitoka nje nikaenda kupalilia.

Ndiyo maana likizo hii nimeiacha pamba shambani imepasuka, nyeupe kote, majirani wakanijia mmoja mmoja kuniuliza kama nimerogwa. Nikawachukua watoto, nikapanda treni. Nilitaka nifanye uliyoandika, kwa mpango uleule, na njiani nimwambie Limi ukweli. Kwa sababu nilikuwa nimeshajua anachokiamini. Alinitamkia mwezi wa pili, tukipepeta mtama, bila hata kuinua uso. Nilimwambia amkumbuke mama yake kwenye sala. Akasema, "Mama alisema ana kazi nyingi. Nilimwambia hatutamsumbua, tutakaa kimya chumbani. Akasema nendeni."

Hukumwambia kwamba ni mimi niliyekataa. Ulisimama pale kwenye behewa na tumbo lako lile, ukamwambia mtoto una kazi nyingi, ili asinichukie mimi. Nani alikutuma? Nani alikuomba unifichie?

Basi tukatembea. Nakuambia ukweli, mji wenu unachosha. Kwenye kivuko Masanja alitaka kujua maji yanaishia wapi, nikamwambia yanaishia pale atakapoanguka, akanishika kanga safari nzima. Kisiwani walituonyesha fisi. Nimekua fisi wakilia nyuma ya zizi, nimempiga fisi kwa mchi, leo napandishwa mtumbwi kwenda kumwangalia amelala. Lakini Masanja alimwangalia mpaka nikamvuta. Kwenye sinema watu waliimba kila walipogombana. Mama Zaituni, aliyetusindikiza, alikuwa analia, namuuliza umeelewa nini, ananiambia, "Bibi we, kulia kwenyewe hakuhitaji Kihindi." Barafu ilinigandisha fizi. Stesheni injini ilifunguliwa kwenye mabehewa, ikazunguka, ikaja kufungwa mkiani mwa treni, na hapo Limi alicheka. Mara moja tu, tangu ufe. Kisha akajikumbuka.

Kila siku nilisema leo. Leo tukishuka kivukoni nitamwambia. Leo tukitoka sinema. Nikila barafu nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza pamoja nayo. Mimi niliyewahi kumfukuza mganga wa serikali nyumbani kwangu na ufagio, nilikuwa namwogopa mtoto wa miaka kumi.

Ikabaki picha.

Mpiga picha ni Mhindi mwembamba, ana pazia lililochorwa ngazi na maua. Palikuwa na foleni mpaka barazani, watu wamevaa viatu vya kuazima. Zamu yetu ikafika. Akapanga viti vitatu, akasema, "Bibi kati, watoto pembeni." Masanja akakaa. Limi akasimama mlangoni. Mpiga picha akamwita, akakataa. Mama Zaituni akamwambia, "Njoo mwanangu, mama yako aliitaka picha hii." Limi akasema, "Mama hakututaka. Pigeni nyinyi."

Watu wote wakageuka. Foleni nzima.

Kabula, nilikuwa na njia ya kutoka. Ningeweza kumpiga kofi, watu wangesema bibi amefundisha adabu. Ningeweza kusema tutaongea nyumbani. Nilisimama nikafungua fundo la kanga, nikatoa barua yako, nikaanza kusoma. Kwa sauti. Kwa kidole. Nilikwama kwenye "shangazi". Kijana mmoja kwenye foleni akacheka, mtu akamwambia nyamaza. Nilisoma salamu zote kwa sababu sikujua namna ya kuruka. Nilipofika kwenye mstari nikasema, hapa ndipo nilipoishia mimi, dukani, mbele ya watu. Huku chini sikutaka kusomewa. Niliona aibu. Nikamwandikia mama yenu mje kuchuma pamba.

Nikasoma "Mayu, naumwa." Nikasoma "tangu". "Pasaka" ikanishinda. Ilikuwa hapo, naijua, nimeisoma nyumbani mara nyingi, na macho yangu hayakuiona.

Limi akaja akaichukua mkononi mwangu. Akasoma yaliyobaki kimya, haraka, macho yanakimbia kama ya mtu mzima. Akafika mwisho. Akarudia. Masanja akawa anauliza, "Mama anasema nini?"

Limi akaniuliza neno moja. "Bibi, mimi nilikuwa najua kusoma. Kwa nini hukunipa?"

Nimekaa uani hapa tangu asubuhi nikitafuta jibu nikuandikie wewe, na yote ninayoyapata ni kiburi kimevaa nguo nyingine. Nilimwona mtoto. Nilimwona kila siku, na sikuona kwamba ana macho.

Picha ilipigwa. Limi alimwambia mpiga picha, "Bibi akae nje." Nikakaa nje, nikawashikia kapu. Nimeiona juzi ilipotoka. Masanja amefunga mdomo kuficha pengo. Limi ameshika barua yako kifuani, karatasi imetokea vizuri, mistari inaonekana. Amefanana na wewe sana kwenye ile picha, nilikosa pa kuweka macho.

Barua yako anayo yeye. Sitaiomba.

Na hili nakuahidi, nisikilize. Likizo ijayo, na inayofuata, na zote mpaka Limi awe mtu mzima, watoto watakuwa hapa mjini siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho. Mama Zaituni amekubali. Nitawaleta mwenyewe, hata kama Limi atakaa behewa jingine. Kama anataka niwashushe na kurudi, nitawashusha na kurudi. Pamba nitachuma peke yangu, itakayoanguka ianguke.

Lala salama mwanangu. Sikukuaga, nakuaga leo. Ulikuwa binti mwema na mimi nilikuita mvivu kwa sababu ulipenda kutembea na watoto wako.

Kesho kabla ya treni Limi anakuja kaburini kwako. Amemwomba Mama Zaituni ampeleke, na amesema mimi nisiende. Atakuja kunishtaki. Msikilize mpaka amalize, hata akitukana. Na safari hii, Kabula, usinitetee.

Mama yako.