Kaburi Langu Ukingoni mwa Missouri

Jumanne, 6 Agosti 1805
Tumevuta mashua kwa kamba tangu asubuhi. Maji yamepungua, mto umebaki mchanga mtupu. Mabega yamechubuka. Kapteni Lyddall amesema mizigo mizito tuifukie hapahapa, tuichukue mwakani tukirudi. Anasema nchi yote hii sasa ni yetu, Wafaransa wameshaiuza. Jana tumepita mashamba ya Waoto, wenyeji wa nchi hii — mahindi yanafika kifuani, wanawake wanapalilia. Sidhani kama kuna aliyewaambia.

Nimemkumbuka Keturah. Kwetu St. Charles, msichana akipokea kitana cha mvulana amekubali kuolewa, akikirudisha basi, yameisha. Changu nilikichonga kwa pembe ya ng'ombe, jino moja likavunjika. Alicheka, akakichomeka kichwani hivyohivyo. Kasema ataningoja.

Jumatano, 7 Agosti
Shimo. Limetumaliza. Kawaida nyasi za juu unazikata vipandevipande, unaziweka pembeni, udongo unaumwaga mtoni, halafu unarudisha nyasi na mtu hajui. Lakini hapa hakuna nyasi, udongo mtupu. Kovu litaonekana tu. Wafaransa wa ngozi, wale wanunuzi wa ngozi za wanyama, wanapita hapa kila msimu, watachimba, wataondoka na baruti yetu. Sajini Hobart kasema tulifanye kaburi. Kaburi hakuna anayeligusa, mzungu wala Muoto.

Alhamisi, 8 Agosti
Baruti, risasi, unga, mashoka — vyote chini. Juu tumeinua tuta. Sajini kasema kaburi bila jina litatiliwa shaka. Mwenzetu Pruitt kakataa lake, ana mke, ni mkosi. Wengine nao wakaangalia pembeni. Sajini akanitazama mimi.

"Mwandikeni Turley. Huyu hata akiwa hai hasikiki."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilitaka kusema hapana, nikawashikia ubao. Pruitt akachoma herufi kwenye ubao kwa chuma cha moto: ASAHEL TURLEY. HOMA. 1805. Wakavua kofia kwa mzaha, mmoja akaimba wimbo wa mazishi kwa sauti ya puani. Tulipoondoka nilikuwa nageuka nyuma kila mara, mpaka mto ukakata kona.

Jumatano, 25 Desemba
Baridi. Wino umeganda, naandika kwa mkaa. Nyama ya nyati, basi. Milima hatutaivuka, Kapteni kasema barafu ikiyeyuka tunageuza. Pruitt ananiita marehemu. Marehemu, lete kuni. Marehemu, zamu yako. Nimezoea.

Jumapili, 8 Juni 1806
Tunashuka na maji, raha. Mchana tumekutana na mashua inapanda, ya mzee Garneau, Mfaransa wa ngozi. Tukafunga pamoja, wakatupa tumbaku. Sajini akaniita kwa jina nikaze kamba. Yule mzee akashtuka, akauliza Turley gani huyo. Sajini akamwambia, Asahel, kwani kuna mwingine?

Mzee akashika msalaba wake. Akanitazama miguu kwanza.

"Bwana mdogo," akasema, "wewe nimekuombea kanisani."

Watu wakaacha kamba. Hata Pruitt.

Akaeleza taratibu. Wenzake waliopita mwaka jana wakishuka walisoma ule ubao, habari ikafika St. Charles kabla ya theluji. Mama yangu kavaa nyeusi. Na yeye alipokuwa anaondoka huko Aprili, msichana mmoja alimfuata pale kwenye kivuko, akampa kifurushi kidogo, akamsihi akiweke kaburini. Amekiweka chini ya jiwe. Hakukifungua, kitu cha marehemu.

Nikamuuliza, alikuwa analia? Sijui nimetoa wapi ujasiri wa kuuliza mbele ya watu wote.

Mzee akafikiri. Akasema hapana, hakuwa analia. Alikuwa na kijana wa kinu cha unga, amemshikia kikapu.

Sajini alikwenda kukaa mbele peke yake mpaka jioni.

Jumatano, 11 Juni
Tumefika. Wengine wameshika majembe, mimi nikaenda kwenye jiwe. Kitambaa cha bluu. Ndani kitana. Jino lilelile halipo. Kimeoshwa, hakina hata unywele mmoja.

Wamefukua. Baruti imeingia unyevu, Kapteni kasema tukae mpaka ikauke — wiki, labda zaidi. Pruitt akaniletea ubao, akauliza auchome. Haniangalii usoni siku hizi. Nikamwambia niachie.

Mtumbwi mdogo upo. Mtu mmoja anautosha, na maji yenyewe yanasukuma. Nikaenda kwenye hema la Kapteni, anakula na Sajini. Nikasimama. Walikuwa wameshaanza tena kuongea mambo yao ndipo nikasema naomba mtumbwi, nitangulie. Kapteni akauliza sababu. Mwaka mzima sijawahi kumwomba kitu mtu huyu.

"Nikawaambie niko hai."

Sajini kaweka kijiko chini. Kapteni akasema mtu mmoja kwenye mto huu hafiki. Halafu akasema atanijibu wakimaliza kula.

Naandikia juu ya ubao wangu, nimeulaza magotini, uko laini. Kitana kiko ndani ya shati. Mtumbwi nimeshaugeuza, kasia limo. Nawasikia hemani, Sajini ndiye anayeongea zaidi. Bado wanakula, mimi natangulia —