Nilibadilisha Keki za Mama Mkwe

Barua hii ilinifikia kabla ya Krismasi. Sikuiacha ingoje zamu yake ya kuchapwa. Nilimjibu mwandishi siku ile ile, maana ndani yake mna jambo lisilongoja, na mwenyewe alilipita bila kuliona. Sasa ameniruhusu kuitoa, pamoja na alichoniandikia baadaye.

*

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana ukisikia ni mambo ya keki utadhani nina raha nyingi mpaka nimekosa la kulia. Mimi ni fundi wa mapazia, nimeolewa na mtoto wa pili wa mama mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Mama Keki. Alikuwa mpishi wa hospitali mpaka akastaafu, na kila Desemba huoka keki za matunda na biskuti za siagi, akazitia kwenye mikebe, mimi nampelekea mabaki ya vitambaa vya mapazia anaifungia, halafu nazigawa mimi kwa majirani, kwa wanakwaya, kwa mwenye duka la dawa, kwa walimu wa watoto, na watu huanza kuniuliza mapema kabisa, "Mama yenu ameshawasha oveni?" Yaani kwetu Krismasi bila ile mikebe ni kama harusi bila bibi harusi.

Sasa mwaka huu nilichukua mikebe ya kwanza nikampelekea mwalimu wa kwaya, na siku ya mazoezi akaniambia kwa upole ule wa mtu anayetafuta maneno, "Mwambie mama tunamshukuru kwa moyo wake." Kwa moyo wake, siyo kwa biskuti! Nikarudi nyumbani nikafungua mkebe mmoja nikaonja, mshauri, siagi ilikuwa imeharibika, biskuti zinanuka kama nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka, nikakata keki nikakuta chini imeungua nyeusi na yeye ameipaka sukari ya unga juu kana kwamba hakuna kitu. Nilikaa nikaitazama. Huyu ni mama ambaye zamani ukipita na siagi ya jana anakuambia ni ya jana.

Nilimwambia mume wangu, akanuna. "Mama yangu amepika tangu hujazaliwa," akasema. "Ukianza kumtafutia makosa hutamaliza." Basi nikaliacha, lakini ningewezaje kumpelekea mwenye duka la dawa kitu kile na jina la mama liko juu yake? Nikatupa zote. Nikanunua vitu vipya, nikaomba oveni kwa jirani yangu wa dukani, nikaoka mwenyewe nikijifunza kwa kukosea, nikajaza mikebe ile ile, nikafunga vitambaa vile vile, nikagawa.

Na watu wakasifu! Simu zikamiminika kwa mama mkwe, "Mama Keki, mwaka huu umejipita," na yeye akawa kama mtu aliyerudishiwa ujana, akatangaza kwamba chakula cha mchana cha Krismasi kitakuwa kwake kama zamani, na kwamba atapika peke yake, hataki mtu jikoni, tena amewaalika wazazi wa kijana anayemchumbia wifi yangu mdogo, watu ambao hatujawahi kuketi nao meza moja. Nikasema moyoni, haya, nimejichimbia shimo.

Halafu likatokea hili. Alikwenda kununua dawa yake ya presha, na mwenye duka, kwa nia njema kabisa, akamkaribisha chai na kipande cha keki "yako mwenyewe". Mama akakitazama hakukitia mdomoni. Yeye hukata kila zabibu vipande viwili, ndivyo alivyofundishwa, na mimi kwa haraka zangu nilizitia nzima. Akarudi nyumbani akatuita wote, akasema, "Kuna mtu amebadilisha vitu vyangu. Na ninamjua."

Nikadhani dunia imeisha. Lakini akamtaja mke wa shemeji yangu mkubwa, tunayemwita Mama Pacha, kwa sababu siku nilipochukua mikebe naye alifika akakaa peke yake katika chumba kilichokuwa na mikebe, na kwa sababu Krismasi iliyopita alisema mbele ya watu kwamba keki "imekosa kitu", na tangu siku hiyo wanaongea kwa salamu tu. Mama akamwambia asikanyage kwake Krismasi. Mama Pacha akaapa, akalia, akachukua mkoba wake akaondoka, na shemeji akasema mkewe asipokuja naye haji wala watoto hawaji. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika sinia la vikombe. Sikusema neno.

Mama Pacha na mimi hatupatani sana, nakiri, ana mdomo, lakini hili hakulifanya. Nikisema kweli nitamvunja mama moyo, ajue kwamba sifa zote zile zilikuwa za keki zangu, na nahisi labda uzee umeshamwingia kichwani, maana hata ile siku ya kuchukua mikebe nilimkuta jikoni gesi inanuka mpaka macho yananiwasha, jiko limefunguliwa halina moto, na yeye amekaa pale pale anakata zabibu, nikamwambia, "Mama, gesi!" akasema, "Eh, ndiyo nilikuwa natafuta kiberiti." Nikafunga nikafungua madirisha tukaendelea na mambo mengine. Nikinyamaza, familia inagawanyika na wageni wanakuja kulishwa sijui nini. Mume wangu hajui lolote. Nifanyeje?

Fundi wa Mapazia

*

Fundi wangu,

Umeandika kurasa nzima za keki, na gesi ukaiweka mwishoni kama mtu anayetaja hali ya hewa. Weka karatasi hii chini sasa hivi, nenda kwa mama mkwe wako. Gesi ifungwe kwenye koki ya mtungi wenyewe, siyo kwenye jiko tu, mpira wa gesi ukaguliwe, dirisha la jikoni liachwe wazi, na asiwashe chochote mpaka awepo mwenye pua. Ukishamaliza, rudi usome yaliyobaki.

Umerudi? Haya.

Mtu aliyechanganyikiwa angeshtuka ulipomwambia gesi, au angekuuliza gesi gani. Mama mkwe wako alikujibu haraka, tena jibu zuri, la kutafuta kiberiti. Huyo kichwa chake kiko sawasawa, huyo anaficha. Siagi imeharibika, hakujua. Keki imeungua, hakujua mpaka alipoitoa, na alipoiona akaifunika sukari. Gesi imejaa chumba, amekaa ndani yake anakata zabibu. Lakini kipande kimoja cha keki, kwa macho tu, alikijua kuwa si chake! Mimi si daktari, na daktari ndiye atakayesema, ila nakushauri umuulize swali ambalo hakuna aliyemuuliza: mama, unasikia harufu?

Sasa tuje kwako. Nakuonea huruma, kwa kuwa nia yako ilikuwa kulinda jina lake. Ila usijipambe. Mtu akikosea ukamfichia kosa lake, leo umemsitiri. Kesho anapanda juu ya lile lile kosa akiwa na wageni mezani. Sifa ulizomletea ndizo zilizompa ujasiri wa kutaka kupika peke yake. Na mwenzako alipotukanwa mbele yako, ukakumbatia sinia. Hapo hukuwa unamlinda mama. Hapo ulikuwa unajilinda wewe, na uzito wote ukamtwika mwanamke ambaye kosa lake pekee ni kuwa na mdomo. Hebu fikiri: Krismasi iliyopita katika nyumba nzima nani alisema keki imekosa kitu? Nyinyi wengine mlikula mkasifu. Yeye alisema vibaya, tena mbele za watu, sawa, lakini alisema kweli. Mngemsikiliza, mngekuwa na mwaka mzima wa kulishughulikia.

Utafanya hivi. Mwambie mumeo leo, kabla hajasikia kwa mwingine, na usimwombe ruhusa ya kusema kweli. Kisha nenda kwa mama asubuhi, peke yako, mikono mitupu, usibebe zawadi ya kulainisha. Anza na maneno mawili: ni mimi. Usiseme "nilifanya kwa ajili yako"; hilo aliseme yeye akipenda. Mwache akasirike. Akimaliza, ndipo uulize habari ya harufu, na ukishauliza unyamaze, usimjazie jibu.

Kutoka hapo nenda kwa Mama Pacha kabla mama hajamwendea. Deni hilo ni lako, usimtume mwingine akulipie. Asipokufungulia mlango, semea mlangoni.

Na chakula cha Krismasi, mama asinyang'anywe! Nimeona nyumba nyingi ambazo mzee akipungukiwa na kitu kimoja, watoto humpokonya vyote kwa jina la kumpumzisha, akabaki sebuleni anaangaliwa kama saa ya ukutani. Mikono yake inajua, macho yake yanajua, miaka yote ile ya kulisha wagonjwa haikupotea. Anachohitaji ni ulimi wa kukopa. Wekeni mtu wa kuonja, asiyeogopa kusema. Mnaye katika familia, nanyi mmemfukuza. Mrudisheni, mkamtafutie kijiko.

Halafu, fundi, jifunze kukata zabibu.

*

Haya ndiyo aliyoniandikia baadaye.

Mpendwa mshauri,

Nilifanya. Mume wangu kwanza alifoka, akasema nimemdhalilisha mama yake, halafu nilipomweleza habari ya gesi akainuka akachukua spana na mpira mpya tukaenda wote. Alifunga, akapaka povu la sabuni kwenye maungio kuangalia kama linavuja, akamwambia mama kwamba tumekuja kubadilisha mpira tu.

Asubuhi iliyofuata nikarudi peke yangu. Mama alikuwa anafuta meza. Nikasema, "Mama, keki nilibadilisha mimi. Mama Pacha hahusiki." Akaendelea kufuta mahali pale pale.

"Zabibu nzima," akasema. "Hata kuzikata ulishindwa?"

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Zangu ulipeleka wapi?"

"Nilizitupa. Siagi ilikuwa imeharibika."

Hapo ndipo alipoketi. Nikamuuliza kama anasikia harufu, nikafunga mdomo kama ulivyoniambia, na ilikuwa kazi, mshauri, mimi si mtu wa kunyamaza. Mwishowe akasema, "Tangu yale mafua ya mwaka jana. Sisikii kitu. Chakula ni kama karatasi. Nikimbeba mjukuu sisikii harufu ya kichwa chake." Akajifuta macho kwa kile kitambaa cha meza. "Nilijua mkigundua mtanitoa jikoni. Na mimi nikitoka jikoni ni nani?"

Nilitaka kumkumbatia, akanisukuma kidogo kwa kiwiko. Akasema nisijifanye mwema, bado amekasirika.

Mama Pacha hakunikaribisha ndani. Alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, akasema, "Mimi ningekuwa wewe ningesema pale pale, nikatukanwa nikalala salama." Nikamwambia ni kweli. Akasema atakuja, kwa ajili ya mama, siyo kwa ajili yangu. Kumbe mama naye alimpigia simu jioni ile, sijui waliambiana nini, hakuna aliyenieleza na sikuuliza.

Krismasi ilipikwa na mama. Mama Pacha alikaa kwenye kigoda karibu na jiko na kijiko chake, kila baada ya muda anatangaza hukumu, "Chumvi bado," "Hapo sawa," "Mama, vitunguu vinaanza kushika chini," na mama anageuza sufuria bila kununa. Mimi nilipewa kazi ya kumenya viazi, adhabu yangu hiyo. Wazazi wa yule kijana walikula, na baba yake akaongeza mara mbili. Mama aliwaambia mwenyewe, katikati ya chakula, "Mimi siku hizi sisikii ladha wala harufu. Mkikuta kosa ni la huyu," akamwonyesha Mama Pacha, wakacheka wote. Wifi yangu alikuwa ameogopa siku hiyo kuliko mtihani, naye akacheka.

Tumeshakwenda kwa daktari. Amesema huenda harufu ikarudi, huenda isirudi, hawezi kuahidi. Ametupa zoezi la kunusa vitu fulani kila siku, mdalasini, limau, kahawa, na mama analifanya huku analalamika kwamba ananusa hewa.

Jana alikuja dukani kwangu na mkebe. Wateja walikuwepo, yeye akavuta kiti akaketi mbele ya cherehani, akafungua, akanipa biskuti moja. "Kula hapa hapa nikikuona," akasema. Nikala. Macho yake hayakutoka usoni kwangu, na mwaka jana ningesema tamu sana, mama, nikarudi kwenye mapazia yangu.

"Sukari pungufu," nikamwambia.

Akasogeza kiti karibu. "Pungufu kiasi gani?"