Mlio wa Silinda ya Tatu

Nyahanga, Kahama
Alhamisi, tarehe 21 mwezi wa nane

Kwako mdogo wangu Evance,

Pokea salamu, hata kama hukuzitaka. Sisi huku ni wazima. Salvina anaendelea na genge lake la nyanya, mtoto ameota meno mawili ya juu, na mimi mpaka asubuhi ya leo nilikuwa kwenye karakana ileile unayoipita ukiwa umegeuza uso. Wewe sikuulizi hali, kwa sababu hali yako nimeshaambiwa, na ndiyo iliyonishikisha kalamu. Ningepiga simu, lakini namba yangu umeifungia tangu mwezi wa tano.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe nina yangu ya kusema, na utayasoma yote, maana karatasi huwezi kuikata kama simu.

Umenikosea adabu. Jumapili ile pale Ushirombo, baada ya misa, watu wanasalimiana nje ya kanisa, ulipita mbele yangu bila shikamoo kana kwamba unapita mbele ya nguzo ya umeme. Kisha ukasimama katikati ya wanaume ukasema kikulacho ki nguoni mwako, kwamba kampuni iliyokuuzia lori imeninunua ili nitangaze halina kasoro. Ulisema hayo mbele ya katekista aliyenifundisha mimi na wewe. Mama alijifunika uso kwa kanga. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kukupeleka zahanati ulipoumwa surua, Evance, halafu unanivua nguo mbele ya parokia nzima.

Na lile lori lako. Tangu ulipolipata umeliandika kwa mbele MTACHOKA WENYEWE, na kila ukitoka Geita na viroba vya mawe ya dhahabu kuyapeleka kwenye makarasha yasagwe, ukifika usawa wa geti letu lazima upige honi ndefu. Mafundi wenzangu wakaanza kuniuliza kama ndugu yangu ana ugomvi na mimi. Niliwajibu kwamba ni furaha ya ujana tu. Nilikuwa nawadanganya, na moyoni nilikuwa nakutukana.

Lilipoanza kugonga, hukuja kama wateja wengine wanavyokuja, na kadi ya waranti mkononi, wanajaza fomu, wanasubiri kwenye benchi. Ulianza kufoka ukiwa bado getini. Ulisema ukiliwasha asubuhi injini inagonga kama mtu anayepiga bakuli la bati kwa kijiko, na likishapata moto mlio unapotea. Mara tatu ulilileta ukitokea Geita, limeshachemka, na mara tatu mafundi hawakusikia kitu, nawe ukawaita viziwi. Ndipo meneja wetu, Davis, alipoamua lilale uwanjani kwetu ili lisikilizwe asubuhi likiwa la baridi. Kazi hiyo akanipa mimi. Wewe ukaenda kumleta baba awe shahidi.

Mlifika saa nne. Mbele yenu nikaliwasha, nikaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ubavu wa injini na mpini wake sikioni, kama tunavyofanya sisi mafundi, nikapita silinda moja baada ya nyingine mpaka zote sita. Nikasema sisikii kitu. Ukaninyang'anya bisibisi ukasikiliza mwenyewe, nawe hukusikia kitu, ukabaki unaapa kwamba jana yake uliusikia. Baba alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake, amevaa lile koti la sikukuu. Akasema, “Ng'wana wane, mwanangu, kama kaka yako hajausikia, basi haupo.” Nikajaza fomu kwamba hakuna mlio usio wa kawaida, nikasaini.

Yaliyofuata nimeyapata kwa kuambiwa. Ulikataa kuliendesha, ukisema litafia njiani. Baba akasema umeingiwa na uvivu, akachukua funguo akampa Kalisti, mtoto wa shangazi. Mtaani wakasema ni bangi za machimboni. Mkeo Rhoda alimwambia Salvina kwamba siku hizi unakaa nyuma ya nyumba unamsikiliza jirani akiwasha pikipiki, kisha unamwita yeye umuulize kama naye anaisikia. Kwamba umepelekwa kuombewa mara mbili. Kwamba sasa wewe mwenyewe unasema huenda ule mlio haukuwahi kuwepo.

Jumanne Kalisti alileta lori kubadilishwa oili. Aliniambia, tena akicheka, kwamba Jumamosi hii ukoo unakaa kuamua kama upelekwe kwa madaktari wa akili, na kwamba baba ameshakubali. Wakati anasema hayo lori lilikuwa linaunguruma nyuma yake. Lilikuwa limetoka Geita, limechemka, na sasa lilikuwa linagonga hata likiwa la moto.

Sasa nisikilize, Evance. Hakuna aliyeninunua. Davis aliniambia mbele ya mafundi wawili niandike kile masikio yangu yatakachosikia, basi. Kama ningeandika kwamba mlio upo, kiwanda kingeleta injini nyingine, na yeye asingepungukiwa na kitu. Ningekuwa nimenunuliwa, leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Asubuhi ile nilifika saa moja. Nililiwasha lori likiwa la baridi, nikiwa peke yangu, na liligonga vilevile ulivyosema. Nikachomoa waya wa nozeli ya silinda ya kwanza, mlio ukabaki. Wa pili, ukabaki. Nilipochomoa wa tatu ukafifia. Pistoni ya tatu inacheza ndani ya silinda yake, ikiwa ya baridi inagonga ukuta, ikipata moto inatanuka inatulia. Imetoka kiwandani hivyo, si wewe uliyeiharibu. Yote hayo niliyajua ndani ya dakika kumi. Nikarudisha nyaya, nikaliacha lori linaunguruma mpaka likapata moto kabisa, nikalizima nilipowaona mnaingia getini. Ulikuwa na hasira nyingi, hukugusa hata bomba la maji. Ungeligusa lingekuunguza vidole, na uongo wangu ungeishia hapohapo.

Utauliza kwa nini. Ni ng'ombe wa Agatha. Dada yetu alipoolewa ng'ombe wake waliingia zizini kwetu, na kila mtu anajua ng'ombe wa dada humwoza kaka, naye huanza mkubwa. Mimi ndiye mkubwa. Baba akawauza lipatikane lori, kwa sababu wewe ndiye mwenye akili ya biashara, na mimi Tarsisi nina moyo mkubwa, nitasubiri. Wote mkanisifu kwa huo moyo mkubwa. Wewe hukuwahi kuniuliza hata siku moja nitaoa na nini.

Mwezi wa kwanza mama yake Salvina alifariki kule Songwa. Nilikwenda kuzika, na wenyewe wakanikalisha nje ya ua pamoja na majirani, kwa sababu sijatoa mahari na kwao mimi si mkwe. Nina mtoto na binti yao, lakini udongo nilitupia wa mwisho, baada ya muuza maji. Siku niliyorudi, nikiwa nashuka kwenye basi Kahama na shuka la msiba mkononi, ulipita ukapiga ile honi yako. Ulikuwa unajua natoka wapi. Kwa hiyo nilipoisikia injini yako inaumwa, nilifurahi. Nilifurahi, Evance, na niliendelea kufurahi kwa wiki kadhaa, mpaka nilipoanza kusikia habari za nyuma ya nyumba na za kuombewa, na hata hapo sikufungua mdomo.

Usidhani naomba tuchekeane. Uchungu wa wale ng'ombe bado ninao, na maneno yako ya kanisani sijayasahau. Ila kichwa chako hakina ugonjwa wowote. Ulisikia kitu kilichokuwepo.

Waranti yako inaisha tarehe thelathini. Lori liko uwanjani kwetu tangu Jumanne, nilikataa kumrudishia Kalisti funguo. Asubuhi ya leo nimemwandikia Davis taarifa nyingine nikaeleza nilichosikia na nilichofanya. Aliisoma mara mbili, akaniambia nikabidhi boksi la spana niende nyumbani. Kesho fundi Mageni atalisikiliza upya likiwa la baridi. Njoo na kadi yako ukasaini dai kabla ya hiyo tarehe, na tafadhali jaza fomu kama watu wengine.

Barua hii Salvina anakuletea mwenyewe mkononi. Baba hajui kusoma. Jumamosi ukoo ukishakaa usimwachie mtu mwingine aisome. Simama uisome wewe, kwa sauti, bila kuruka mahali, hata pale nilipokutukana, hata pale niliposema nilifurahi. Ningekuja kusema mwenyewe. Lakini baba angeniangalia usoni, na ninajijua, ningesema tena kwamba sikusikia kitu.

Msalimie Rhoda na watoto. Mama mwambie mjukuu wake anasimama dede. Salamu za baba zipo, ila usimpe mpaka umalize kusoma, halafu umuulize kama bado anazitaka.

Ni mimi kaka yako,
Tarsisi Masele