Gitaa Lenye Jina la Mutinda

Kijijini Tulia, Jumatatu

Na bado akaomba msamaha! Mume wangu Mutinda, fundi wa magitaa tangu ujana wake, leo ameomba msamaha kwa gitaa ambalo hakulitengeneza.

Tangu tuuze jina lake kwa kampuni moja kubwa ya magodoro iliyoingilia biashara ya ala za muziki, magitaa ya "Mutinda" hutoka kiwandani ng'ambo. Kanisa letu lilinunua moja. Jana katikati ya sifa, kibao kinachoshika nyuzi kikabanduka.

Asubuhi mwalimu wa kwaya akalileta amekasirika. "Mutinda, kazi yako siku hizi imekuwa aje?"

Nilitaka kueleza, Mutinda akaniwahi. "Pole, mwalimu. Niachie nitengeneze."

Alipoondoka nikamuuliza mbona hakusema ukweli.

"Jina langu limeandikwa hapo, Mama Mwende. Nilikane mbele ya watu?"

Akashinda na gitaa hilo kutwa, akitia gundi na kusugua mbao.

Jioni mwalimu akarudi, akalipiga, uso ukang'aa. "Sauti tamu hivi! Kweli kufanya kazi na hiyo kampuni kubwa kumekusaidia."

Mutinda alicheka mpaka akakaa chini. Mimi hata sasa sijaweza kucheka.